Beseni Langu la Bitiruti

Kama mnataka kucheka, chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza kusimulia sitaki mtu anikatize, aibu hii nimeibeba mpaka imenichosha. Mimi ni mtu mzima, nimefundisha jiografia sekondari zaidi ya miaka thelathini, ni mzee wa kanisa, nina mvi mpaka kwenye nyusi, na bado usharika wetu mzima hapa Njiro unaijua rangi ya mkojo wangu. (Siyo usharika tu. Nina binamu yuko Tabora, hatujaongea tangu enzi za simu za mezani, naye alinipigia kunipa pole.)

Yote yalianza na bustani. Nilipostaafu, Mama Glory, mke wangu, alisema nikikaa sebuleni kutwa nitachacha kama maziwa, basi nikachimba matuta manne nyuma ya nyumba, pale kati ya tangi la maji na ukuta, nikaleta samadi ya mbuzi kutoka Oldonyo Sambu, pikapu zima, nikapanda karoti, figili na bitiruti. Figili ziliota ndogo kama vidole vya mtoto. Karoti, kwa kuwa niliharakisha na samadi ilikuwa haijaoza vizuri, zilitoka na miguu miwili miwili kama suruali. Lakini bitiruti! Jamani, bitiruti zilikubali mpaka nikaogopa, zikasukuma mabega yao juu ya udongo zenyewe, kubwa, nyekundu iliyoiva kuelekea zambarau, unaishika majani unavuta kidogo tu inatoka na kishindo, na ukiikata ndani ina duara juu ya duara kama ramani ya mlima niliyokuwa nachora ubaoni.

Nikawa najisikia sana, siwafichi. Nilizipeleka mpaka kwa jirani yetu Mama Upendo, ambaye ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama mwenye sauti ya kuita watu bila kipaza sauti. Alichemsha moja mbele yangu, akakata kipande, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Mwalimu, pole, lakini hii kitu ni kama nalamba jembe."

Mumewe, Baba Upendo, mtu mpole anayetengeneza majokofu, alionja naye, akasema ni tamu, ila nilimwona akitema dirishani.

Ikaniuma. Ikaniuma kuliko inavyostahili kumuuma mtu mwenye akili timamu, na nikiwa narudi nyumbani na mfuko wangu nikaamua jambo moja dogo tu: kama hawazitaki, nitazila mwenyewe. Mama Glory angekuwepo angenizuia, lakini Ijumaa hiyo alikuwa amepanda kwao Nkoaranga kumwangalia mama yake aliyeteguka mguu, tukakubaliana tukutane kanisani Jumapili, ambayo ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kwa hiyo Jumamosi nzima nilikuwa peke yangu na bitiruti. Asubuhi nilisaga nne mbichi na tangawizi nikanywa jagi. Mchana nikachemsha nyingine nikala na viazi, majani yake nikayaunga kama mchicha. Jioni nikasaga tena. Nilikula kwa hasira, nikawa kila nikimeza nasema moyoni, jembe, ati jembe. Zilizobaki, zile kubwa za kujivunia, nikaziosha nikazipanga kwenye beseni kwa ajili ya mnada wa mavuno.

Jumapili asubuhi nikaingia chooni kama kila mtu anavyoingia chooni, nikafanya haja ndogo, nikainama kuvuta maji, nikaona.

Nyekundu. Siyo kwamba ilikuwa na wekundu kidogo, hapana, ilikuwa nyekundu kabisa, na choo chenyewe cheupe, tulikuwa tumekibadilisha mwezi huo huo. Mkono ukabaki hewani. Nikasema labda ni taa, nikafungua dirisha, ikazidi. Nikavuta maji, nikaenda jikoni, nikanywa glasi tatu za maji kama mtu anayefuta ubao, nikasubiri, nikarudi. Nyekundu tena.

Sasa lazima mjue kwamba baba yangu aliondoka kwa ugonjwa wa upande huo huo, wa kibofu na tezi, na alianza hivyo hivyo, asubuhi moja, na damu. Na Mama Glory kila mwaka ananiambia, Baba Glory nenda ukapime, nami kila mwaka namjibu kwa mzaha. Nikakaa kwenye ukingo wa bafu na suti yangu ya kanisani, na kitu cha ajabu ni kwamba sikuwaza watoto wala nyumba, niliwaza jambo moja tu ambalo nilikuwa sijaliwaza kwa miaka, na mtalisikia sasa hivi, kama usharika ulivyolisikia.

Sikumpigia mke wangu. Ningemwambiaje kwenye simu? Nikapakia beseni kwenye gari, nikaendesha mpaka kanisani kama mtu aliyelala.

Ibada ile ilikuwa nzuri mno, na uzuri wenyewe ulinimaliza. Madhabahu ilikuwa imejaa mikungu ya ndizi, mahindi, maboga, kuku wamefungwa miguu, mbuzi mmoja analia nje kila kwaya ikinyamaza, na katikati ya vyote beseni langu, bitiruti zinang'aa. Nikiziangalia nilikuwa nasema, hayo ndiyo mavuno yangu ya mwisho. (Ninyi mnaona jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, limewekwa kabisa madhabahuni. Mimi sikuliona.) Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye hitaji la maombi, nikasimama. Nia yangu, naapa, ilikuwa kusema maneno manne tu: naombeni maombi, sijisikii vizuri. Nikashika kipaza sauti, nikatazama zile sura zote, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ndugu zangu," nikasema, "nakojoa damu."

Halafu sauti ya Mama Upendo kutoka upande wa akina mama: "Yesu wangu!"

Ningekaa hapo, leo ningekuwa na heshima nusu. Sikukaa. Nikaendelea, machozi yananitoka, nikasema kama safari imefika siwezi kusafiri na mzigo, kwamba mwaka tuliomzika baba, kule kwetu Machame, baada ya wazee kutugawia kihamba, yaani shamba la ukoo, mimi na mdogo wangu, niliamka alfajiri nikang'oa masale ya mpakani nikayasogeza hatua tatu ndani ya sehemu ya mdogo wangu. (Masale, kwa msiotoka kwetu, ni ile mimea ya majani marefu tunayoweka mpaka nayo, na mtu anayeyang'oa usiombe kusikia anaitwaje.) "Migomba sita niliichukua," nikasema, "na mdogo wangu ni Elisante, na Elisante yuko hapa, benchi la tatu."

Watu wote wakageuka kutazama benchi la tatu. Elisante ana duka la vipuri mjini, mtu wa maneno machache, alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo, akabaki amekishika vilevile. Na mlangoni, na mkoba wake, na vumbi la Nkoaranga bado viatuni, nikamwona Mama Glory amesimama. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Sura yake ilinionyesha amesikia ya kutosha.

Wakaja mbele. Mwinjilisti akaniwekea mkono kichwani, Mama Upendo mgongoni, mwalimu wa kwaya begani, wengine wakashika koti, wakaomba mpaka mbuzi wa nje akanyamaza. Halafu Elisante akatoka kwenye benchi lake, akanishika kiwiko, akasema, "Twende hospitali, kaka."

Kwenye gari alikuwa anaendesha yeye, Mama Glory nyuma analia polepole. Tulifika mbali kabla hajaongea.

"Kaka, ni masale ya upande wa mfereji?"

"Ndiyo."

Akabadilisha gia. "Nilikuwa nahesabu ile migomba kila Krismasi," akasema. "Nikamuuliza mama, akaniambia nimesahau. Nikadhani kichwa changu kinaanza kuharibika kama cha babu."

Nikatamani kifo kifike kabla ya hospitali.

Hospitalini waliniingiza mimi peke yangu. Daktari alikuwa binti mdogo, akainua macho, akasema, "Shikamoo Mwalimu, ulinifundisha kidato cha pili," na mimi nikaitikia marahaba nikiwa nimeshika kikopo cha mkojo. Akakichukua, akachovya kile kikaratasi chao, akakiangalia, akachovya kingine. Akapeleka kikopo maabara, akarudi, akakaa, akaniuliza kwa upole sana:

"Mwalimu, jana ulikula nini?"

"Bitiruti."

"Ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Nilipohamia mkono wa pili akaweka kalamu mezani, akafunika mdomo, mabega yakaanza kumtikisika, akajizuia kama mtoto darasani.

"Hakuna damu hata tone," akasema. "Hiyo ni rangi tu ya bitiruti. Kwa baadhi ya watu inapita hivyo. Hata ukienda haja kubwa usishtuke. Ila kwa umri wako, na kwa historia ya baba uliyonieleza, hicho kipimo cha tezi uje ukifanye kweli."

Jamani, nilitakiwa kufurahi. Nilikuwa nimerudishiwa uhai! Badala yake nikaona usharika wote, nikaona benchi la tatu, nikaona nimejivua nguo mbele za watu kwa sababu ya juisi.

Nikatoka nje. Mama Glory na Elisante wakasimama pamoja.

"Daktari anasemaje?"

Na hapo ndipo nilipofanya ujinga mkubwa kuliko wa kula. Nikasema, "Anasema hakuna damu tena."

Neno moja hilo, "tena." Bila hilo ingekuwa kweli tupu. Mama Glory akapiga magoti palepale kwenye maegesho, juu ya kokoto, na gauni lake la Jumapili, akashukuru kwa sauti mpaka walinzi wakavua kofia. Elisante, ambaye sijawahi kumwona akilia hata msibani kwa baba, akageukia ukuta. Niambieni ninyi, ningeanzia wapi kusema bitiruti? Kabla hatujafika nyumbani Mama Upendo alikuwa ameshaandika kwenye kundi la simu la jumuiya kwamba mwenzetu amepokea uponyaji, na majibu yanamiminika, nami nikajibu kwa alama ya mikono iliyokutanishwa, nikaizima simu.

Sasa, kitu nisichokijua ni kwamba baada ya sisi kuondoka, mnada wa mavuno uliendelea, na watu kwa huruma yao waligombania beseni langu kama wanagawana kumbukumbu ya marehemu. Mama Upendo, yule yule wa jembe, alichukua bitiruti sita. Mwalimu wa kwaya akachukua nane. Wakaenda kuzila kwa upendo, hata kama zina ladha ya udongo, kwa ajili yangu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye matuta, nimeinama, nasikia geti linapigwa kwa ngumi. Mama Glory akafungua. Aliingia Mama Upendo, kanga kichwani, macho yamevimba, nyuma yake Baba Upendo amebeba sweta la mke wake, nyuma yao mwalimu wa kwaya, mwinjilisti, na watu wengine wa jumuiya, nikahesabu kumi na tano nikaacha.

"Mwalimu," akasema, na ile sauti yake yote ilikuwa imekwisha, imebaki kama ya mtoto. "Imehamia kwangu."

"Nini imehamia?"

"Damu. Nimeamka nayo. Nilikuwekea mkono mgongoni, Mwalimu. Mkono huu."

Mwalimu wa kwaya akasema na yeye, tangu saa kumi na moja alfajiri, mara mbili. Mwinjilisti, ambaye hakuonja bitiruti hata moja, akasema yeye bado, ila anaona kama wekundu kwa mbali, na kiuno kinamvuta. Mama Upendo alikuwa ameshampigia binti yake Upendo aliye Dodoma, na binti ameomba ruhusa kazini, yuko kwenye basi anakuja kumwona mama yake kabla mambo hayajaharibika. Mimi nimesimama na udongo mikononi, nimeelewa papo hapo, nimeelewa yote, na bado nilikuwa natafuta njia ya kueleza ambayo hainigusi. (Angalieni moyo wa mtu.)

Halafu mzee mmoja, sitamtaja, tunaimba naye kwaya ya wazee, akasema taratibu, akiniangalia viatu: "Ugonjwa hauhami hivi hivi. Unahamishwa."

Niliwaona watu wawili wakirudi nyuma hatua moja. Watu niliowafundishia watoto. Damu ya kweli ilinikimbia mwilini. Mama Glory akasogea akasimama karibu na mimi, akasema, "Mzee wangu, unasema nini?" lakini neno lilikuwa limeshatoka, na unajua neno kama hilo likishatoka huku kwetu halirudi ndani kwa urahisi.

Na Mama Upendo hakumsikia hata, alikuwa yuko mbali. Alimgeukia mumewe, akamshika mikono yote miwili pamoja na lile sweta.

"Baba Upendo, Mwalimu alitubu ndiyo akapona. Na mimi nina langu. Naomba unisamehe. Ule mwaka uliokuwa masomoni Morogoro..."

"NI BITIRUTI!"

Nilipiga kelele ambayo sijapiga tangu niache kusimamia mitihani. Kuku wa jirani walikimbia. "Ni bitiruti, Mama Upendo, nyamaza, usiseme, ni bitiruti! Ni rangi tu! Mlikula bitiruti!"

Baba Upendo alikuwa bado anamtazama mkewe.

"Jana daktari alikuambia hivyo?" Mama Glory akaniuliza.

"Aliniambia."

"Jana ile ile?"

"Jana ile ile."

"Na ukaniacha nipige magoti kwenye kokoto."

Mama Glory akaingia jikoni, hakufunga mlango, tukamsikia anakata kitu kwa kisu, akatoka na glasi ya maji na nusu ya bitiruti, akaikamulia humo mbele za watu wote, akaiweka juu ya ukuta wa tangi, jua linapita ndani yake. Mama Upendo akasogea, akainama, akaitazama ile glasi muda mrefu.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Aliyeanza kucheka ni mwalimu wa kwaya, na wengine wakafuata, wakacheka mpaka wakashikana, mwinjilisti akanyoosha kiuno chake kikawa kizima. Ila siyo wote. Yule mzee wa kwaya aliondoka bila kuaga. Baba Upendo hakucheka. Na Mama Upendo alijifunika kanga usoni, wote wakadhani anaficha kicheko, mimi nilikuwa karibu naye, hakikuwa kicheko. Binti yao alifika jioni kutoka Dodoma, akakuta mama yake anapika na baba yake amekaa nje. Mpaka leo Baba Upendo akipita getini kwangu husimama kidogo, anauliza habari za bustani, halafu anauliza, kama kwa mzaha, "Mwalimu, hivi wewe unadhani alitaka kusema nini?" Nami namwambia sijui, na kweli sijui, na sitaki kujua, lakini naona jinsi anavyoondoka.

Mchungaji aliniita ofisini, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia Jumapili nitasimama tena nieleze mwenyewe. Nikasimama. Hiyo siisimulii.

Jumamosi iliyofuata tulipanda Machame, mimi na Elisante, na majembe mawili kwenye buti. Mama yetu bado yupo, ana miaka mingi, macho yanaona vizuri kuliko yangu. Alitoa kigoda chake mlangoni akakaa kututazama tunavyong'oa masale na kuyarudisha, hatua tatu, Elisante anapima kwa miguu yake na mimi nafukia. Tulipomaliza nikaenda mbele yake nikapiga magoti, nikaanza kueleza, mama, mwaka ule baba alipo...

"Nilikuona," akasema.

Nikainua kichwa.

"Nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe. Nilikuona unavyochimba. Nilipoulizwa na mwenzako nikamwambia amesahau, maana mngeuana." Akaniondolea udongo kwenye shavu kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anavyomwosha mtoto. "Nikasema nitangoja aje aseme mwenyewe. Nimengoja sana, mwanangu. Nilidhani nitatangulia."

Elisante alikuwa nyuma yangu. Nilisikia jembe lake linaanguka.

Kipimo cha tezi nimekwenda, Mama Glory alikaa mlangoni kuhakikisha, na niko salama. Bitiruti bado napanda, anayekuja kuomba nampa, ila namweleza kwanza kitakachotokea asubuhi yake, hata kama ni mgeni na hata kama ni mama mchungaji. Na nimeapa: jambo likinikaa rohoni nitalisema nikiwa mzima, mezani, kwa yule linayemhusu, nisingoje tena choo kinitishe.